Jeneza Lako Kwenye Televisheni

Msambweni, Ijumaa baada ya swala

Ndugu yangu Masudi,

Barua huanza kwa kuuliza hali, na mimi nimekaa na kalamu tangu chai ya asubuhi nikitafuta namna ya kukuuliza yako. Sijaipata. Basi pokea salamu bila ya swali. Sisi huku wazima wote, isipokuwa wewe.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo limetokea, na katika mji huu mzima hakuna mwengine ambaye angelijua mahali pa kucheka na mahali pa kunyamaza. Wewe ulikuwa ukivijua vyote viwili, ila ukivichanganya makusudi.

Kibanda changu cha kunyolea kingali mkabala na msikiti. Kile kiti chenye mguu mfupi, ulichokuwa ukikalia ukisubiri zamu ambayo hukuwa na haja nayo, sasa hukaliwa na kila mtu, lakini hakuna anayejua kuegemea upande unaotakiwa. Wanaanguka. Wakianguka nakukumbuka, kisha nawainua.

Habari yako ililetwa na karani wa wakala wa meli, kijana wa bara aliyevaa tai katika jua lile. Alisimama kizingitini kwa mama yako, Bi Mwanamisi, akasema kwa Kiswahili cha ofisini kwamba ulishikwa na homa meli ikiwa safarini, kwamba walijitahidi, na kwamba kwa kuwa bandari ilikuwa mbali walikuzika baharini kwa heshima zote. Kisha akamkabidhi mkoba wako. Mama yako aliufungua mkekani mbele yetu. Shati, kitana, kipande cha sabuni. Aliligeuza shati, akaitazama kola, akamwambia yule kijana kwa upole, "Mwanangu, hili si lake. Yeye hachafui kola namna hii." Halafu akamkaribisha chai. Kijana aliinywa yote, akaomba na ya pili. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa vilio, na pale hapakuwa na kilio hata kimoja.

Tulikuswalia swala ya ghaibu, safu zikajaa mpaka uani. Tulikusomea hitima. Mama yako alipika pilau kama anavyopika kwenye shughuli ya jirani, akahakikisha kila msomaji ameongezwa nyama, na watu walipoanza kuaga akawaambia, "Mungu amrehemu huyo mliyemsomea, na mama yake apewe subira."

 Tulivaa viatu vyetu tukatoka.

Tangu siku ile, kila jioni alikuwa anakuwekea chakula. Sahani yako ile ya bati yenye maua, na juu yake kawa. Asubuhi alimpa apitaye wa kwanza. Nami nikajifunza kuwa wa kwanza, kwa sababu nilitaka kujua alilalaje, na pia kwa sababu, wacha niseme kweli, mama yako anajua kupika kunde. Nimenenepa kwa kifo chako. Suruali zangu zinashuhudia.

Lakini yeye alikuwa anakonda. Alikuwa halali usiku, Masudi. Mlango wake ulikuwa hautiwi komeo usiku kucha. Alikaa nyuma yake kwenye kiti cha mbuzi cha kukunia nazi, na taa imewashwa, kwa kuwa, alisema, masikio yake siku hizi ni mazito na akilala hatakusikia ukibisha. Mwizi aliingia mara moja akachukua sufuria. Nilimwambia, "Bi Mwanamisi, tia komeo." Akaniambia, "Yule alikuwa na haraka tu. Angebisha hodi ningempa na mfuniko." Kifua kikamshika mvua za mwaka zilipoanza, kwa ule upepo wa mlangoni. Nilikuwa napita asubuhi nikiogopa kwamba siku moja nitamkuta amekaa pale pale, taa imekwisha mafuta, naye amekungoja mpaka mwisho.

Siku moja tu aliniambia kitu. Nilikuwa nala, yeye anachagua mchele. Alisema, "Bakari, mtu akitolewa nyumbani, mama husimama mlangoni. Jeneza likimpita humpa mwanawe radhi zake, ndipo hulia. Mimi nimpe nani radhi? Niupe mkoba?"

 Nikamaliza kunde, nikaenda kunyoa watu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Tumepata televisheni. Imewekwa katika jumba la maendeleo, lile tulilochangia harambee wewe ukiwa unabeba mawe na mimi nikiwa nahesabu wanaobeba. Mheshimiwa aliileta karibu na uchaguzi, kwa hiyo ilifika nzima. Inakaa ndani ya kabati lenye kufuli, na ufunguo anao msimamizi, kijana wa bara aitwaye Njoroge, mpole, ambaye hulifungua kabati baada ya Maghribi kama mtu anayefungua nyumba ya watu. Jenereta inapiga kelele nje, eriali iko juu ya mlingoti mwembamba, na picha huja ikiwa na mchele mchele. Upepo ukigeuka, waziri anayehutubia hurefuka shingo. Watu wameshazoea. Wanasema ndivyo alivyo.

Jioni moja msomaji wa habari akatangaza kwamba katika mji mmoja wa Ulaya, kando ya bahari, kunafanyika tamasha kubwa la sinema la mataifa yote, na kwamba miongoni mwa sinema zinazoshindanishwa imo moja iliyopigwa katika pwani yetu ya kusini. Kesho yake, akasema, baada ya habari, wataonyesha picha za tamasha hilo pamoja na vipande vya sinema zenyewe.

Jumba zima liligeuka likanitazama. Hawakuwa wananitazama mimi. Walikuwa wanakutazama wewe, na mimi ndiye niliyekuwa karibu.

Unaikumbuka siku ile ya sinema kwa upande wa chini, ukiwa umelala umefunikwa. Mimi niliiona kwa upande wa juu. Wacha nikueleze ulichokosa.

Watu wa sinema walikuwa wanatafuta maiti. Hadithi yao hatukuielewa, wala sidhani wenyewe waliielewa, lakini ndani yake mlikuwa na mvuvi aliyeuawa na yule mzungu mrefu, mchezaji wao, kwa sababu ambayo hukuelezwa, na mvuvi huyo alitakiwa abebwe kwenye njia ya kati ya minazi hadi makaburini. Kila waliyemwomba alale alikataa. Mzee Kassimu muadhini akasema msikiti hautoi jeneza lake kwa maigizo. Wewe ukasema, "Mimi nitalala, nimechoka." Wakaleta sanduku lao lenye kifuniko na vishikio vya shaba. Ukalizunguka, ukaligonga, ukaniambia mimi, mkalimani wao, niwafasirie kwamba huingii sandukuni kama sabuni. Ndipo wakamwita Fundi Mbwana atengeneze jeneza la kwetu, la wazi. Ukakataa kupimwa. Ulisema mtu anayepumua hapimwi jeneza kwa kamba, huko ni kumwita. Fundi akasema hapana neno, atapima kwa jicho, na jicho la Fundi Mbwana, kama unavyojua, ni moja tu. Ndiyo sababu miguu yako ilichomoza nje.

Mkubwa wao, yule mzee wa skafu na bomba la kupazia sauti, alituchagua wanne. Mimi mbele kulia. Akatuambia kwamba kila mtu abaki mahali pake mpaka kwenye mkorosho mkubwa. Nikafasiri, sote tukakubali. Kisha tukakuinua na kuanza kwenda.

Sasa, mtu wa kwetu ataonaje jeneza linapita naye asimame mikono mfukoni? Kabla ya hatua kumi, wale waliokuja kutazama tu walikuwa wameshaingia. Aliye mbele anateremsha bega, aliye nyuma anapokea, huyu anatoka, yule anaingia, kama siku zote. Mkubwa akapiga kelele. Tukarudi. Mara ya pili watazamaji walifungiwa nyuma ya kamba, ila hakuna aliyemfungia mwenye baiskeli aliyetokea Gazi na tenga la samaki. Aliegemeza baiskeli mnazini, akavua kofia akaivaa tena, akaingia chini ya jeneza. Kelele. Tukarudi. Mara ya tatu ni yule mtu wa Samburu aliyekuja kuuza mbuzi. Sijui hata kama alikuwa Muislamu. Bega lake halikuuliza.

Mkubwa akaniuliza, "Hawa ni nani?" Nikamwambia, "Watu." Akasema, "Waambie hajafa." Nikamfuata yule mwenye mbuzi, nikamwambia, "Baba, huyu hajafa." Aliendelea kutembea, bega lake limekaa sawasawa, akanijibu, "Basi mnampeleka wapi?"

 Na wewe, badala ya kunisaidia kwa kunyamaza kama maiti mwenye adabu, ukafunua shuka ukamwambia, "Shikamoo baba." Akaitikia marahaba. Marahaba ilimtoka kwanza, akili ikafuata nyuma. Akatoka mbio, na mbuzi wake tuliwakusanya sisi.

Mwishowe Mkubwa alikaa juu ya sanduku lake la vishikio vya shaba, akaweka kichwa mikononi, akamwambia mwenye kamera apige tu, liwalo na liwe. Tukakuinua tena. Na safari hiyo, Masudi, hakuna aliyezuiwa. Sijapata kuona jeneza likienda vile. Lilikuwa linatiririka juu ya mabega kama lina maji chini yake. Tukaupita mkorosho. Hatukusikia kelele, au tulisikia tukapuuza. Miguu ilikuwa inajua njia. Tulikuwa tumeshaliona lango la makaburi uliposema pale chini, "Bakari. Kweli mnanipeleka wapi?"

Sauti yako ilikuwa na mchezo ndani yake, lakini haukuwa mchezo mtupu. Tukakushusha. Watu walicheka sana, kuliko jambo lenyewe lilivyochekesha.

Jioni mama yako alipopata habari alikufuata na mwiko mpaka kibandani kwangu. Alikupiga mbele ya wateja, kisha akachinja jogoo akatoa sadaka. Na jeneza, baada ya mabishano ya Ijumaa tatu, likaingia msikitini, kwa kuwa Mzee Kassimu alikubali kwamba halijabeba maiti na kwa hiyo halina kosa. La zamani lilikuwa limeliwa na mchwa. Sasa ndilo tunalotumia. Ni fupi, ila warefu wa mji bado hawajalalamika.

Basi tangazo lile lilipotoka, mimi nilikuwa na wazo, na wazo lenyewe lilinitisha. Nilimpelekea Mzee Kassimu asubuhi, akinyolewa, maana mtu mwenye wembe shingoni husikiliza. Akasema, "Utamwonyesha maigizo mama aliyefiwa?" Nikasema, "Hajafiwa, mzee. Ndiyo shida yenyewe." Nikamaliza upande mmoja. Kisha akasema, "Ule mchezo ulikuwa mbaya tangu mwanzo. Mtoto aliita mauti, yakaitika. Sasa wewe wataka kuyaita tena yaje yakae ukumbini." Nikamfuta shingo. Sikujua kama ana haki. Mpaka sasa sijui vizuri.

Nilikwenda kwa mama yako kula sahani yako. Nilikula polepole.

Nikamwambia kwamba jeneza huenda likaonyeshwa jioni ile. Aliendelea kufagia. Akauliza, "Ndilo lile la mchezo?"

"Ndilo."

"Na aliyemo ndani?"

"Ni Masudi, Bi Mwanamisi."

Akafagia mpaka mlangoni, akarudi. "Miguu ilionekana?"

"Ilichomoza. Fundi alikosea."

Alikaa kitako. Alisema, "Siku ile sikumwona. Nilimpiga mwiko kabla ya kumwuliza walimbebaje." Halafu akaniuliza wanawake hukaa upande gani humo jumbani, na kama wewe utapita kutoka kulia au kushoto. Sikujua. Nikasema nitamwekea mahali pa katikati.

Usiniulize watu walikuwa wangapi. Waliotoka Shimoni walikuwamo, na wapishi wa hoteli za Diani waliokuwa na siku yao ya mapumziko. Wanaume mikekani upande mmoja, wanawake upande mwengine, mama yako mbele kabisa katika buibui lake la kwendea kuzikani, amekaa wima. Mzee Kassimu alikuja pia. Alisema amekuja kuhakikisha.

Habari zikasomwa, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemkosoa waziri. Kisha likaja tamasha.

Masudi, nimesafiri sasa. Nimeuona mji ule. Una bahari kama yetu ila iliyofugwa, na barabara yenye minazi isiyozaa nazi. Nyuma yangu mtu mmoja akauliza, "Sasa wameipanda ya nini?"  Kulikuwa na jengo lenye ngazi pana zilizotandikwa zulia, msomaji akasema ni jekundu, nasi tukamwamini kwa kuwa kwetu lilikuwa kijivu. Motokari ndefu zilikuja moja moja, na kila moja ilimshusha mtu aliyekuwa anasubiriwa kwa mataa ya wapiga picha, mamia yao, wakisukumana kama watu wa feri. Akashuka mwanamke mwenye gauni ambalo fundi alilishona mbele akasahau nyuma. Upande wa akina mama kukasikika, "Maskini, atapata kifua." Akashuka mzee mwenye maua kifuani, akabusu watu wasiopungua kumi, wanaume kwa wanawake. Akashuka mtu mnene aliyesemwa ndiye mwenye fedha. Kila mmoja wao alikuwa akipanda ngazi ile, anafika juu, anageuka, anapunga mkono, anaingia mlangoni, basi haonekani tena. Nilitazama nikafikiri kwamba hawa nao wana desturi zao za kumtoa mtu.

Halafu akatokea Mkubwa. Skafu imekwenda, badala yake tai ya kipepeo. Jumba likacheka, maana tulimwona mara ya mwisho ameloa jasho akimfukuza mbuzi kwa bomba lake. Wakamwuliza jambo, naye akajibu kwa mikono mingi, na msomaji wetu akafasiri kwamba wajuzi wa sinema wote wanausifu mwendo wa jeneza, kwamba haujapata kuonekana mfano wake, na kwamba bwana huyu aliwafundisha wanakijiji mwendo huo kwa majuma kadhaa mpaka wakauweza.

 Kisha mwenye baiskeli wa Gazi, maana naye alikuwamo, akasema bila hasira, "Mbona mimi sikuja siku za mafunzo?"

Nilitaka uwepo. Nilitamani sana uwepo wakati ule. Niligeuka kushoto kwangu kukutazama, Masudi, kwa mazoea tu, ili nikuone umefumba mdomo ukitikisika mabega. Palikuwa na mtoto wa Shimoni anayekula mhogo.

Nilipogeuka tena mbele, lilikuwa limeshatokea.

Lilitokea mbali, kati ya minazi. Hakukuwa na sauti, au jenereta iliimeza. Lilikuwa dogo kama jani, likaja likikua. Mchele mchele wa picha ulikuwa unaanguka juu yako, na mabega yanapokezana chini yako. Nilijiona nikipita mbele, kisha nikatoka, akaingia mwengine. Niliwaona watu ambao wako hai wamekaa nami chumbani, na niliwaona wawili ambao sasa hawako. Shuka ilikuwa inapeperuka. Na nyuma, kweli, miguu. Nyayo zako mbili zimetutazama.

Wa kwanza kusimama alikuwa Mzee Kassimu. Sidhani aliamua. Jeneza lilikuja, naye akainuka, kama ambavyo angeinuka barazani. Mwenye baiskeli akasimama. Kisha mikeka ikaachwa, wanaume wote wakasimama, wapishi wa hoteli, watu wa Shimoni, watoto wakavutwa mikono wakasimamishwa.  Mzee mmoja mbele alikuwa ameinua mkono wa kulia na kuuweka hewani, usawa wa bega, akingoja kupokea.

Mama yako alisimama mwisho. Alisogea mpaka karibu na kile kioo, Njoroge akampisha. Ulikuwa unapita kutoka kulia kwenda kushoto. Alisema kwa sauti ile ile anayoitumia kuita kuku, wala hakuipandisha:

"Unyayo wa babake." Kisha akasema, "Masudi. Radhi zangu unazo, za tumboni na za maziwani. Mwiko nilikupiga kwa woga. Nenda, baba. Nenda."

Ukafika ukingoni mwa kioo ukatoka.

Akarudi yule mwanamke wa gauni lisilo na nyuma, juu ya ngazi zake, akipunga mkono. Jumba zima lilikuwa lingali limesimama. Akapunga tena. Nilidhani, huyu atakwenda mpaka kaburini kwake asijue kwamba jioni moja Msambweni nzima ilimsimamia. Hilo nililiweka upande kwa ajili yako. Nilijua ungelitaka.

Njoroge aliniuliza chini chini, "Kwani imeisha?" Nikamwambia imeisha. Akaizima, akafunga kabati taratibu, akasimama nalo amelipa mgongo, kichwa chini, kama kwamba na yeye alikuwa na mtu.

Hapo ndipo mama yako alipolia.

Sitakuelezea. Nitasema tu kwamba kilio kile kilikuwa kimecheleweshwa tangu siku ya karani, na kikaja chote. Akina mama walimzunguka wakamkalisha. Mzee Kassimu alitoka nje, na nilipotoka nami nikamkuta amesimama karibu na jenereta, mahali ambapo mtu akilia hasikiki. Aliponiona akasema, "Bakari, ile picha haikutulia vizuri. Eriali irekebishwe." Nikasema itarekebishwa, mzee.

Nilimsindikiza mama yako na jirani zake wawili, mimi nyuma na taa.  Mlangoni jirani walitaka kulala naye, akakataa, akasema wamechoka na yeye amechoka. Aliingia. Akanigeukia akaniambia, "Kesho usipite kwa ajili ya sahani."

Nikasema, "Sawa, Bi Mwanamisi."

"Upite kwa ajili ya kusalimia. Na uje umekula."

Kumbe alikuwa anajua siku zote. Nami nilijidhani mjanja.

Akafunga mlango. Nilisimama uani bila kujua ninasubiri nini. Taa ya ndani ikazimwa. Kisha nikasikia komeo. Lilikuwa limekaa siku nyingi bila kutumika, lilikwama katikati, akalitoa, akalisukuma tena, likaingia mpaka mwisho.

Ile sauti, Masudi. Nimewazika watu wengi mji huu, nimetupa udongo juu ya wazazi wangu. Sijapata kusikia mtu akifungiwa nje namna ile. Nilitaka kubisha. Mkono uliinuka. Nilitaka kumwambia ngoja kidogo, Bi Mwanamisi, huenda… Maana mpaka dakika ile nilikuwa nimejisemea kwamba ni yeye pekee anayekungoja.

Nikateremsha mkono, nikaenda nyumbani.

Asubuhi nilipita nikiwa nimekula. Nilimkuta amelala, jua limeshapanda. Amekohoa kidogo tu. Sahani yako ameiosha na kuisimamisha pamoja na nyengine, huwezi kuijua ila kwa maua. Shati lile alilolikana amelifua, limeanikwa uani, na kola imetakata.

Nami nimeona nisiache jambo hili lipite bila ya mtu kukuarifu. Sinema yenu haikupata tuzo. Alipewa mwengine, sikushika jina. Ukiulizwa huko, sema ulibebwa vizuri kuliko wote na kwamba hatukufundishwa.

Sasa nakuaga, na safari hii nakuaga kweli, maana ulipopanda meli nilikuaga kwa mzaha na hukunijibu. Nakuahidi jambo moja. Siku ya mama yako ikifika, na Mungu aisukume mbele, atatoka kwenye mlango ule ule kwa jeneza lile lile la Fundi Mbwana. Yeye si mrefu, litamtosha. Bega la mbele kulia litakuwa langu, nalo sitalitoa pale mkoroshoni wala langoni. Nitambeba kwa zamu yangu na yako.

Lala, ndugu yangu. Tumeshakufikisha.

Ni mimi,
Bakari kinyozi